Kutoka Kongwa Kupanda Pugu

Kwetu Kongwa mtu akisema anakwenda Pugu, watu humuuliza amepakia ng'ombe wangapi. Pugu tunayoijua ni mnada. Ndiko wanakoshushwa ng'ombe wa Dodoma, Singida na Shinyanga, na ndiko wachinjaji wa Dar es Salaam wanakovutana bei na madalali tangu alfajiri. Marehemu baba yangu aliifanya safari hiyo karibu utu uzima wake wote. Alinunua ng'ombe mmoja mmoja kwenye minada ya vijijini, akawaswaga yeye na vijana wake hadi barabara kuu pale Mbande, akatafuta lori, kisha akapanda juu pamoja na mifugo yake kupitia Gairo, Morogoro na Chalinze. Kwenye lori la ng'ombe hakuna usingizi. Mmoja akianguka njiani wenzake humkanyaga mpaka afe, kwa hiyo usiku kucha lazima mtu apite na fimbo akiwainua.

Ni baba aliyenitajia Pugu ya pili. Sisi watoto wa kike hatukuwa na nafasi katika biashara ile, lakini masimulizi yake tuliyapata jioni aliporudi, akiwa ameketi uani mbele ya ugali wa uwele na mlenda. Siku hiyo alisema kwamba mtu akisimama mnadani akatazama upande wa vilima, kule juu ndiko watu wa dini walikouawa zamani za Wajerumani, na Wakristo huenda kusali. Mama alilelewa katika Uanglikana kama Wagogo wengi wa Kongwa, akaufuata Ukatoliki kwa ndoa. Alimuuliza baba kama amewahi kupanda.

"Mama fulani," baba alimjibu, akitaja jina la kaka yangu mkubwa, "ng'ombe hawaachwi."

Alikufa bila kupanda. Nilipokuwa mwalimu wa historia nikalikuta jambo lile lile kwenye vitabu, aya moja tu, katikati ya sura ya upinzani dhidi ya Wajerumani. Nikalifundisha kama lilivyoandikwa, na kila mara nilipofika hapo nilimwona baba amesimama mnadani na fimbo yake, akitazama juu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1884 padre mmoja wa Kibenediktini, Andreas Amrhein, alianzisha Ujerumani shirika la kimisionari ambalo leo tunalijua kwa jina la Mtakatifu Ottilia. Mwanzoni mwa 1888 kundi lake la kwanza, mabruda na masista, liliingia pwani yetu likachagua Pugu. Hewa ya vilimani ilikuwa nafuu kuliko ya bandarini, na miti ilikuwa tele. Wakajenga nyumba na kikanisa, wakaanza kulea watoto waliokombolewa utumwani. Walikuja wakati mbaya. Agosti mwaka huo huo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala wa miji ya pwani kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar. Ikashika ushuru wa forodha, ikapandisha bendera yake, na watu wa pwani wakakataa. Pangani iliwaka kwanza, na Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kinara wa vita. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji wa upande wake walipanda Pugu. Bruda Petrus, Bruda Benedikt na Sista Martha Wansing waliuawa. Wengine walichukuliwa mateka wakakombolewa baadaye kwa fedha. Majengo yakachomwa.

Kwa hesabu ya kawaida, misheni ile ilishindwa. Haikudumu hata mwaka kamili tangu ijengwe, na Wabenediktini walioanza upya walianzia mjini Dar es Salaam. Kutoka huko ndipo walipofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na kila anayeijua kusini ya nchi yetu anajua shule, hospitali na mitambo ya uchapaji iliyotokana na majina hayo mawili. Pugu yenyewe wangeweza kuiacha iwe msitu. Hawakuiacha, na Wakatoliki Waafrika waliokuja baada yao hawakuiacha pia.

Nilipanda siku ambayo jumuiya za parokia yetu ziliandaa hija. Tuliondoka Kongwa usiku kwa basi, wengi wetu tukiwa akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, tumevaa vitenge vya sare, tuna vyakula vyetu kwenye ndoo na mikeka juu ya kabati la mizigo. Kuna mtu atakayesema leo kwamba tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma na kupita hapo hapo chini ya Pugu, kwa nini kuteseka na basi. Mimi naipenda treni ile na nimeipanda. Lakini kwenye basi tulisali rozari nzima kwa zamu, kila jumuiya na fungu lake, na dereva aliyekuwa Mwislamu alizima redio yake bila kuombwa. Tulipofika Chalinze kulianza kupambazuka. Nje nikaona lori la ng'ombe limesimama kando ya barabara, kijana yuko juu anamwinua mnyama kwa mkia. Nilimwombea baba hapo hapo.

Tulifika kituo cha hija jua limeanza kuchoma. Joto la Pugu si la kwetu. Kongwa jua ni kavu, linakausha jasho kabla hujalifuta, ila kule nguo inakushika mwilini. Watu walikuwa wengi, kutoka parokia za jiji na za mikoani, na kila kundi lilikuwa na bango lake na wimbo wake. Waliofika kabla yetu walitupokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo," nasi tukaitikia "Milele, amina," na kwa maneno hayo tu mtu akakuonyesha maji yalipo, mwingine akakupisha kivulini.

Njia ya Msalaba ndiyo niliyoikumbuka kuliko yote. Vituo ni 14 kama kila mahali duniani, na maneno ni yale tunayoyasali kila Ijumaa ya Kwaresima katika kanisa letu lenye bati. Tofauti ni kwamba kanisani ni padre na watumishi wanaotembea, sisi tunageuka tu kwenye mabenchi. Pale unatembea mwenyewe, unapiga magoti kwenye changarawe, unanyanyuka, unapanda kidogo, unapiga magoti tena. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja wa parokia yetu, mjane, aliyevua viatu tangu getini. Kufika kituo cha saba nilimshika mkono nikamsihi apumzike.

"Mwanangu mwalimu," akaniambia kwa Kigogo, "nikipumzika nitakaa. Nikikaa sitainuka."

Akaendelea. Nilimfuata nikiwa nimebeba viatu vyake. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya toba, na nimesikiliza mahubiri mengi mazuri, lakini kile nilichoelewa juu ya sala ya mwili nilikielewa nyuma ya nyayo za bibi yule. Alikuwa na ombi lake moja, la mjukuu, nalo alilibeba kwa miguu kwa sababu maneno yalikuwa yamemwishia.

Baada ya misa watu walitawanyika kula. Hapo ndipo liliponijia swali nililokuja nalo toka darasani. Kwa miaka yote niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba Abushiri alikuwa mpinzani wa ukoloni, mtu aliyekataa ardhi yake iuzwe kwa karatasi iliyotiwa saini Zanzibar. Sijabadilisha fundisho hilo. Aliwaona Wajerumani wamekuja na bunduki na daftari la ushuru, na kwa macho yake misheni iliyojengwa na Wajerumani juu ya kilima haikuwa kitu tofauti. Wajerumani walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka ule ulianza kwa damu Pugu ukaishia kwa kitanzi Pangani, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya mkeka nikiwaombea waliouawa mwanzoni, huku kesho yake nikitakiwa kusimama ubaoni kumtetea aliyenyongwa mwishoni.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, Abushiri yuko mbinguni?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mtoto yule aliuliza kwa dhati. Nilimjibu kwamba hilo ni la Mungu, letu ni kujua kwa nini alipigana na nani aliumia. Pale Pugu niliona kwamba jibu lile lilikuwa sahihi ila halijakamilika. Sista Martha hakuweka saini mkataba wowote. Alikuja kulea watoto, akafa kwa deni la kampuni. Na vijana waliopanda kumwua walikuwa wamenyang'anywa vyao na kampuni hiyo hiyo. Mtu anayewaheshimu wale watatu hana sababu ya kumtukana Abushiri, na anayemheshimu Abushiri hana sababu ya kuona haya kupiga magoti Pugu. Vitabu vyetu vya shule huwagawa katika sura mbili, ya wamisionari na ya upinzani, na mwanafunzi humaliza bila kujua kwamba ni kilima kimoja, siku moja. Ningekuwa na uwezo ningempeleka kila mwalimu wa historia Pugu walau mara moja, awe Mkristo au asiwe, asimame pale na somo lake mkononi.

Tena Pugu ni kilima cha mwalimu mwingine. Chini kidogo ndiko ilikokuwa Mtakatifu Fransisko, shule ya Kikatoliki alikofundisha Julius Nyerere baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh. Alikuwa akifundisha huku akiongoza chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na kwenda mjini kwenye mikutano mara nyingi kulikuwa ni kwa miguu. Mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya chaki na siasa, akaacha kazi. Barabara ya kutoka mjini kwenda Pugu leo ina jina lake, na mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulifunguliwa mwaka 2005. Kila mwaka, tarehe 1 Juni, Watanzania hukusanyika Namugongo, Uganda, kuuombea mchakato huo, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Wengi wa mahujaji wale wanapita umbali mkubwa kuliko ule aliotembea yeye kutoka Pugu hadi Dar es Salaam. Sioni vibaya. Ila nashangaa ni wachache kiasi gani wanaopanda kilima alichokaa.

Nisingeielewa Pugu vizuri kama nisingeona mlima mwingine. Baadaye nilipata nafasi ya mafunzo ya muda mfupi ya walimu Shanghai, China. Jumapili moja nilimwomba mwenyeji wetu anielekeze kwenye kanisa, naye akanitajia Sheshan, nje ya jiji, wilaya ya Songjiang, ambako treni ya chini ya ardhi inafika karibu. Nchi ya Shanghai ni tambarare kama meza. Ndiyo maana kilima chenye kimo cha mita kama 100 tu kinaonekana kutoka mbali, na juu yake kanisa la matofali mekundu lenye mnara. Unapanda kwa njia inayozunguka katikati ya mianzi, na kwenye kila kona kuna kituo cha Njia ya Msalaba. Nusu ya njia kuna kanisa dogo, la waliochoka na wazee. Kisha unapanda tena.

Nilipanda nyuma ya watu nisioelewa neno lao hata moja. Wakatoliki wa kule sala zao huziimba, sauti zinapanda na kushuka pamoja, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na haziishi. Niliposikia wametulia kwenye kituo, nilijua ni kituo cha ngapi, nikasali kwa Kiswahili. Mama mmoja wa makamo alinitazama, akanionyesha rozari yake, nikamwonyesha yangu. Tukapanda sambamba mpaka juu.

Historia ya mlima ule niliisoma usiku ule. Wajesuiti walijenga kikanisa kidogo juu yake mwaka 1863, karibu na nyumba ya kupumzikia mapadre wagonjwa. Juni 1870 kukatokea ghasia Tianjin, kaskazini, wageni na Wakristo wakauawa, wakiwemo masista 10. Hofu ikaenea hadi Shanghai. Mkuu wa Wajesuiti alipanda Sheshan akaweka nadhiri mbele ya Bikira Maria kwamba jimbo likiepushwa atamjengea kanisa. Likaepushwa. Kanisa likajengwa kati ya 1871 na 1873, na wavuvi Wakatoliki walioishi kwenye mashua wakawa wanakuja kwa mifereji kila mwezi Mei. Kanisa la sasa, kubwa zaidi, lilijengwa mahali pale pale kati ya 1925 na 1935, na mwaka 1942 Papa akalipa hadhi ya basilika.

Nilikaa na habari hiyo muda mrefu, kwa sababu iligeuza Pugu kichwani mwangu. Sheshan ni mlima wa shukrani. Watu waliogopa, wakaomba, wakaepushwa, wakajenga. Pugu hawakuepushwa. Bila shaka Bruda Petrus na wenzake waliomba kama alivyoomba padre wa Shanghai, na bado wakafa. Kama hija ingekuwa malipo ya sala iliyojibiwa tu, Pugu ingekuwa tupu, na bibi wa Kongwa asingevua viatu. Kumbe watu huenda pia mahali ambapo sala ilionekana kukataliwa. Nadhani wengi wetu tunapanda tukiwa na ombi la namna hiyo, la mgonjwa ambaye hakupona au mtoto ambaye hakurudi.

Halafu hata Sheshan haikubaki mlima wa walioepushwa. Septemba 1955 Askofu wa Shanghai, Ignatius Kung Pinmei, alikamatwa na akaonja kifungo cha takriban miaka 30. Kuanzia mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kanisa liliharibiwa na kufungwa, na sanamu ya Bikira Maria iliyokuwa kileleni mwa mnara ikaondolewa. Mama yule niliyepanda naye, kwa umri wake, lazima alikuwa msichana miaka hiyo. Lugha haikutuwezesha kuzungumza, lakini nilijiuliza alijifunzia wapi sala anazoimba kwa moyo hivyo wakati hapakuwa na kanisa lililo wazi. Ni nyumbani, kwa bibi au mama, hakuna pengine. Mlima ulipofunguliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walirudi, na mwaka 2000 sanamu mpya ikasimamishwa: Maria ameinua mtoto Yesu juu ya kichwa chake, naye mtoto amenyoosha mikono kama msalaba. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI aliwaandikia Wakatoliki wa China, akaiweka tarehe 24 Mei kuwa siku ya Kanisa zima kuwaombea.

Kwa hiyo mawe yanaweza kuondolewa, misheni ikachomwa, sanamu ikashushwa. Mahali panakumbukwa kwa kuendewa. Wale wanaopanda ndio wanaopaweka, na wakiacha kupanda kwa kizazi kimoja tu, kinachobaki ni jengo au pori. Hilo ndilo nililoondoka nalo katika milima ile miwili, na nilipolirudisha Kongwa liliniuma.

Sisi ni watu wa mahali palipojaa historia ambayo hatuiendei. Wa kwanza kuja na makubwa walikuwa Waingereza na karanga zao. Mwaka 1947 walileta matrekta, baadhi yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, kung'oa mibuyu yetu na kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya Uingereza. Hawakuwauliza Wagogo mvua inanyesha vipi huku, wala udongo huu unakuwaje ukishakauka. Mwaka 1951 mradi ulizikwa baada ya kumeza pauni zaidi ya milioni 30, na baadaye reli ya kutoka Msagali ikang'olewa. Bibi yangu mzaa baba aliyaona matrekta hayo akiwa binti. Kuna nyumba na misingi bado imesimama, na watoto wanapita wakienda shule bila kujua ni ya nini. Huko sidai hija. Ni somo la kilimo na kiburi, na linatosha kufundishwa.

Lakini kuna mengine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipoweka makao yake Dar es Salaam mwaka 1963, serikali yetu ilitoa eneo la Kongwa kwa kambi za wapigania uhuru. Kuanzia 1964 walikaa hapa vijana wa FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU, wengine wakilala katika majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga. Samora Machel alipita hapa kabla hajawa rais wa Msumbiji. Chris Hani wa ANC alikuwa hapa. Wapiganaji wa SWAPO waliokutana na askari wa Makaburu pale Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku ambayo Namibia huihesabu kuwa mwanzo wa vita vyake vya ukombozi, walianza safari yao kutoka Kongwa. Mama zetu waliwauzia maziwa na kuku. Baadhi waliolewa nao, na wapo ndugu zetu wenye baba aliyeondoka kwenda kusini na hakurudi.

Wapo pia waliobaki hapa hapa ardhini. Makaburi yao yapo Kongwa. Walikufa mbali na kwao, wengine wakiwa hawajafika hata mpakani, hawakuiona Msumbiji ya 1975 wala Zimbabwe ya 1980, Namibia ya 1990 au Afrika Kusini ya 1994. Ni watu wa namna ya Pugu: waliomba ushindi wakafa kabla. Viongozi wakija, makaburi husafishwa na hotuba hutolewa, na hilo ni jema. Wanapoondoka, nyasi huota.

Nilipowaambia akina mama wenzangu wa jumuiya kwamba tunasafiri usiku kucha kwenda kuwaombea watu watatu waliokufa Pugu, na hapa jirani tuna makaburi ambayo hatujawahi kuyasalia hata rozari moja, walinyamaza. Bibi yule wa viatu alinijibu kwanza. Alisema aliwajua baadhi yao kwa majina, na kwamba mmoja alikuwa akimtekea maji. Hakuwahi kwenda kaburini kwake kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa.

Anaruhusiwa, na sote tunaruhusiwa. Nawaomba walimu wa shule za Kongwa, mapadre na wachungaji wetu, masheikh wetu, na wazee waliouza maziwa kambini wakiwa vijana: tarehe 25 Mei ni Siku ya Afrika, siku ambayo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa mwaka 1963. Tukusanyike asubuhi hiyo mjini, twende kwa miguu hadi makaburini, wanafunzi mbele na wazee katikati. Mkristo asali kwa namna yake na Mwislamu asome dua yake. Wanaoyajua majina wayataje kwa sauti, na walimu wayaandike, kwa maana waliobaki wanaoyajua ni wazee sana sasa. Tufanye hivyo mwaka huu, na mwaka ujao tufanye tena.